Ukikuta umeandikwa vibaya kwenye faili la hospitali

"Bibi, wewe ndiye unayekataa dawa?"

Daktari alikuwa kijana, mgeni pale kliniki, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa hata hajamtazama mama usoni. Alifungua faili, akasoma mstari wa juu, akauliza alichokisoma. Mama ni mtu wa Kibosho, amevuka miaka sabini, ana presha na sukari, na hajawahi kukataa dawa hata siku moja. Kilichotokea ni kwamba kliniki mbili mfululizo aliambiwa dirishani vidonge vyake vya presha vimekwisha, akanunue nje. Alinunua alivyoweza, nusu ya dozi. Kliniki ya tatu hakwenda kabisa, nyumbani kulikuwa na msiba. Aliporudi, mhudumu fulani aliandika maneno matatu ya Kiingereza: "Poor compliance. Stubborn." Yaani hafuati matibabu, mkaidi. Hakumuuliza kwa nini.

Maneno hayo matatu yalimtangulia kila chumba kwa karibu mwaka mzima. Kila daktari mpya alianza kwa kumkaripia, au kwa ile sauti ya upole wanayosemeshwa watoto wasiosikia. Presha ilipopanda, hakuna aliyefikiria kubadilisha dawa. Jibu lilikuwa limeshaandikwa. Mama akaanza kuichukia kliniki. Mimi niliyaona maneno yenyewe kwa bahati tu. Tulikuwa tumebeba faili kutoka chumba cha vipimo kwenda kwa daktari, tumekaa kwenye benchi la korido tukisubiri zamu, nikalifungua.

Tangu siku ile nimetumia muda mwingi kujifunza jambo ambalo wagonjwa wengi wa huku kwetu Moshi na Arusha hawajui kwamba linawezekana: kupinga kilichoandikwa juu yako hospitalini, kwa utaratibu, mpaka kisahihishwe. Naliandika kwa urefu kwa sababu lina mafundo mengi, na fundo la kwanza ni hili: si kila kinachokuuma kwenye faili ni kosa.

Kiingereza cha faili

Faili haliandikwi kwa ajili ya macho yako. Daktari anamwandikia daktari mwenzake, kwa Kiingereza, kwa vifupisho, kwa haraka, na benchi la nje limejaa. Wewe umeeleza kwa Kiswahili. Pengine bibi yako ameeleza kwa Kichagga, Kimeru au Kimaasai, na mjukuu akatafsiri. Kati ya mdomo wa mgonjwa na karatasi kuna vivuko viwili au vitatu, na katika kila kivuko kitu huweza kuanguka majini. Chukua neno "tumbo" peke yake. Mtu akisema tumbo linamsumbua anaweza kuwa anaharisha, ana vidonda vya tumbo, ana maumivu ya hedhi, au ana mimba inayomtesa. Anayeandika huchagua moja, na alichochagua ndicho kitakachosomwa na wengine wote.

Kwa hiyo kabla ya kukasirika, tafuta mtu anayeijua lugha hiyo akusomee: muuguzi, tabibu, au yule mtoto wa shangazi aliyesomea maabara. Karibu kila ukoo una mmoja. Kuna maneno yanayotisha bila sababu. Ukiona "R/O TB" haijaandikwa kwamba una kifua kikuu. Maana yake ni kwamba upimwe ili kifua kikuu kiondolewe kwenye orodha ya mashaka. Alama ya kuuliza mbele ya jina la ugonjwa nayo ni shaka tu. Ukiona "denies alcohol" usidhani umeitwa mwongo anayekana pombe. Kwa mazoea yao ni kusema mgonjwa ameeleza kwamba hatumii. Hata hivyo madaktari wenyewe katika nchi zinazozungumza Kiingereza wameanza kulijadili neno hilo, kwa sababu linanuka shaka hata pale ambapo mwandishi hakuikusudia.

Neno ambalo ningependa kila mwanamke alijue ni "abortion". Mtaani tunalielewa kuwa kutoa mimba. Kwenye Kiingereza cha hospitali ni pana zaidi: ni mimba kutoka kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. "Spontaneous abortion" ni mimba iliyoharibika yenyewe. "Incomplete abortion" ni mimba iliyotoka ikaacha mabaki ndani. Hakuna kati ya hayo mawili linalodai kwamba mwanamke amefanya kitu. Linalodai hivyo ni "induced", kwamba mimba ilitolewa. Na katika nchi hii, ambako Kanuni ya Adhabu inahesabu kutoa mimba kuwa jinai isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha ya mama, tofauti ya neno hilo moja ni kubwa mno. Mwanamke aliyesema "mimba ilitoka", kisha ikaandikwa kana kwamba alisema "niliitoa", ana kila sababu ya kudai sahihisho siku hiyo hiyo kabla hajavuka geti.

Sentensi za aina tatu

Ukishaelewa maneno, jiulize sentensi inayokukera ni ya aina gani. Watu wengi hushindwa hapa kabla hawajaanza, kwa sababu huandika barua moja yenye hasira kuhusu kila kitu, nao wanajibiwa kwa barua moja yenye upole isiyosema chochote.

Aina ya kwanza ni habari tupu: jina, umri, kundi la damu, aleji ya dawa, upasuaji uliofanyiwa, tarehe, idadi ya uzazi, kiasi cha pombe. Habari hizi ni kweli au si kweli, na ushahidi wake hupatikana. Ninaloliogopa kuliko yote katika kundi hili ni mafaili kuchanganywa. Ita "Massawe" mbele ya benchi la wagonjwa wa nje hapa Moshi uone watakavyosimama. Ita "Laizer" au "Mollel" Arusha, mambo ni yale yale. Weka na jina la kwanza, Neema au Emanuel, bado utabaki na wawili. Karatasi ya maabara ya mmoja ikiingia kwenye faili la mwingine, mtu anaweza kumezeshwa dawa za ugonjwa asio nao, na mwenye ugonjwa akaambiwa ni mzima. Kosa la namna hii halisubiri barua. Papo hapo taja namba ya faili, majina yako matatu na tarehe ya kuzaliwa, omba kipimo kirudiwe kama kuna wasiwasi wowote, na karatasi ya mwenzako irudishwe kwake. Kama jina lako kwenye faili halifanani na la kitambulisho cha NIDA, lishughulikie mapema ukiwa mzima. Hati ya kiapo kwa wakili huwa inamaliza mambo, nayo itakusaidia hata kwenye bima.

Mara nyingine habari na hukumu hufungwa pamoja katika neno moja. Mzee anaulizwa kama anakunywa pombe. Anajibu kwa unyofu, kama Mchagga yeyote wa umri wake angejibu, kwamba anakunywa mbege kidogo kwenye sherehe. Inaandikwa "alcoholic". Alichosema ni kiasi na nyakati, kilichoandikwa ni ugonjwa wa ulevi. Siku vipimo vya ini vikionyesha hitilafu, daktari anayefuata anaweza kuridhika kwamba chanzo kinajulikana, asihangaike kutafuta homa ya ini ya virusi. Mzee huyu hana haja ya kuandika kurasa mbili kutetea heshima yake. Adai namba: kata moja au mbili za mbege, mara ngapi kwa mwezi. Namba ikiingia, neno "mlevi" linakosa pa kukaa.

Aina ya pili ni maoni ya kitaalamu. Daktari ameona dalili, amepima, akahitimisha kwamba una ugonjwa fulani. Unaweza kuwa hukubaliani, na unaweza kuwa na haki. Lakini hapa barua ya kulalamika si chombo chake. Chombo chake ni kipimo kingine au daktari mwingine. Na hata ikithibitika kwamba daktari wa kwanza alikosea, ukurasa wake hautang'olewa, wala hupaswi kutaka ung'olewe. Ni kumbukumbu ya kweli ya kile kilichoaminika siku ile, na ndiyo inayoeleza kwa nini ulipewa dawa ulizopewa. Unachodai ni kwamba pale ugonjwa ulipoandikwa iongezwe tarehe na maneno kwamba umethibitika haupo, ili asiyeujua mkasa asikutibu tena kwa kosa la jana. Wanaotumia kompyuta wana hatari ya ziada hapa: maelezo ya ziara iliyopita hunakiliwa kwenye ziara mpya kwa kubofya tu, na ugonjwa uliokwisha kukanushwa unaendelea kuishi kwa miaka.

Aina ya tatu ni hukumu juu ya tabia yako. Mkaidi. Mtoro wa dawa. Anajifanya. Msumbufu. Anapenda kuhurumiwa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu maneno haya huonekana madogo na ndiyo yanayodhuru kimya kimya. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio moja la wazi kabisa. Waliwapa wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, jumla yao zaidi ya 400, maelezo ya mgonjwa mmoja wa kubuni mwenye selimundu aliyefika hospitalini na maumivu makali. Nusu walisoma maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, nusu wakasoma ya mgonjwa yule yule, ugonjwa ule ule, lakini yamepachikwa maneno ya kumshuku. Waliosoma maneno ya shaka walimwona mgonjwa vibaya zaidi, na walichagua kumtuliza maumivu kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Mgonjwa hakubadilika. Kilichobadilika ni mwandiko. Mzazi yeyote wa mtoto mwenye selimundu aliyewahi kuambiwa mwanawe "anazoea sindano" ataelewa uzito wa jaribio hilo bila kuongezewa neno.

Na hili neno "mtoro" lina historia yake. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatisha dozi alihesabiwa kwenye vitabu vya dunia nzima kwa neno la Kiingereza "defaulter", lile lile linalotumika kwa aliyekimbia deni la benki, na sisi tukalitafsiri kwa jina la mwanafunzi anayekimbia shule. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliachana nalo rasmi, likaweka maneno yanayosema tu kwamba mgonjwa amepotea kwenye ufuatiliaji. Waliobadilisha walijua walichokuwa wakifanya. "Mtoro" linasema nani ana makosa. "Amepotea kwenye ufuatiliaji" linaacha nafasi ya kuuliza: nauli kutoka Rombo, mvua iliyokata barabara, mume aliyezuia, dawa iliyomtapisha, dirisha lisilokuwa na kitu. Ukikuta bado umeitwa mtoro kwenye kadi yako, hudai upendeleo ukisema neno hilo limeshaachwa.

Sheria inasema nini

Watu wengi huamini faili ni mali ya hospitali na mgonjwa hana neno. Karatasi na kompyuta ni za hospitali, kweli. Habari zilizomo ni zako. Katiba ya nchi, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na haki ya kutaka zile zisizo sahihi zisahihishwe. Iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024, na Tume hiyo ina mamlaka ya kuamuru taarifa isiyo sahihi irekebishwe, izuiwe isitumike, au ifutwe.

Kuna kipengele kimoja ndani yake ambacho nilipokisoma nilisimama. Sheria inapoeleza taarifa binafsi ni nini, haiishii kwenye jina, alama za vidole na kundi la damu. Inataja pia mtazamo au maoni ya mtu mwingine juu yako. Kwa hiyo "mkaidi" haliwi siri ya daktari kwa sababu tu ni maoni yake. Likishaandikwa juu yako, ni taarifa yako.

Upande wa VVU kuna sheria yake ya mwaka 2008, inayolinda siri ya majibu na kukataza unyanyapaa. Majibu yakiwa sahihi hayatafutwa, hilo ni wazi. Lakini kama hali yako imeandikwa kwa kalamu nene juu ya jalada la faili, linalopita mikononi mwa watu sita kabla halijafika mezani kwa daktari, una malalamiko mazito hata kama kila herufi ni kweli.

Barua yenyewe

Anza na mdomo. Kama aliyeandika yupo, mwendee siku ya kliniki, au mwone muuguzi kiongozi wa kliniki hiyo. Makosa mengi ya aina ya kwanza huishia hapo, kwa kalamu na sahihi, dakika tano. Hospitali nyingi zina pia afisa ustawi wa jamii, na katika uzoefu wangu huyo ndiye mtu anayesikiliza kuliko wote katika jengo zima. Sanduku la maoni lililotundikwa ukutani lisikushughulishe, halitoi risiti.

Ikishindikana, andika barua kwa mganga mfawidhi. Nakala mbili, zichapwe steshenari yoyote ya karibu na stendi, moja ibaki kwao na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Usiondoke bila muhuri. Barua ambayo haikupokelewa kwa muhuri, kiofisi haijawahi kuandikwa. Kama huna nakala ya ukurasa unaoulalamikia, barua ya kwanza iwe ya kuiomba, ukitaja namba ya faili, tarehe ya huduma na kitambulisho chako. Huenda ukaambiwa ujaze fomu au ulipie ripoti; uliza kiasi na udai stakabadhi.

Barua nzuri ni fupi kuliko unavyodhani. Hii ndiyo tuliyoandika kwa ajili ya mama, nikiondoa tarehe na majina:

"Nilihudhuria kliniki ya presha siku iliyotajwa hapo juu. Ukurasa wa siku hiyo umeandikwa kwamba sifuati matibabu na kwamba ni mkaidi. Maneno hayo si sahihi. Katika kliniki mbili zilizotangulia dawa haikuwepo dirishani. Naambatanisha nakala za karatasi za dawa zilizoandikwa O/S, yaani dawa imekwisha, na risiti za duka la dawa nilikonunua. Kliniki ya tatu sikufika kwa sababu ya msiba wa nyumbani. Naomba sababu hizi ziandikwe kwenye ukurasa huo huo, na neno 'mkaidi' likatwe kwa kuwa si habari ya kitabibu. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Angalia hatukumtaja aliyeandika wala kumwita mwongo. Tulinukuu maneno, tukaonyesha karatasi, tukapendekeza kitakachoandikwa badala yake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo wengi huisahau. Ukimwachia mganga mfawidhi atunge sahihisho mwenyewe, atatunga linalomlinda mtumishi wake. Ukimpa sentensi iliyo tayari, kazi yake inabaki kukubali au kukataa. Na zile karatasi za dawa zilizoandikwa O/S, ambazo watu hutupa nje ya duka la dawa, ndizo zilizotushindia. Zitunzeni.

Nilisema "likatwe", sikusema lifutwe. Namna inayokubalika ya kusahihisha karatasi ya hospitali ni kupitisha mstari mmoja juu ya maneno, yaendelee kusomeka, kisha kuandika pembeni yaliyo sahihi na kuweka jina, sahihi na tarehe. Kwenye kompyuta kunakuwa na maelezo ya nyongeza yanayoonyesha nani kabadilisha na lini. Mtu akikuahidi kung'oa ukurasa au kupaka wino mweupe, kataa. Leo atafuta kinachokuumiza, kesho kwa mkono ule ule atafuta kinachokulinda. Na ukija kuhitaji kuonyesha kwamba ulitibiwa vibaya kwa sababu ya neno lile, utakuwa umeshalipoteza.

Wakikataa kabisa, omba barua yako yenyewe iwekwe ndani ya faili, iambatane na ukurasa unaoupinga. Marekani jambo hili limewekwa kwenye kanuni: hospitali ina siku 60 za kujibu ombi la sahihisho, inaweza kuongeza 30 mara moja tu, na ikikataa, mgonjwa ana haki ya kuweka tamko lake la kutokubaliana, litakalosafiri na rekodi kila inapokwenda. Wazo hilo ni zuri, na hakuna kinachokuzuia kuliomba kwa maneno yako hapa Moshi. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Ndani ya faili ni hivyo kabisa: wasipokuandika upande wako, huna upande.

Juu zaidi ya hapo njia zinagawanyika kulingana na unacholalamikia. Kama tatizo ni taarifa yenyewe, nenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na nakala zako zenye mihuri. Kama tatizo ni mwenendo wa mtu, ameandika uongo kwa makusudi, amekutukana au ametoa siri yako, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika na muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa hospitali za serikali yupo pia mganga mkuu wa wilaya na wa mkoa. Hospitali za makanisa, ambazo huku kaskazini ni nyingi, zina uongozi wake wa dayosisi au jimbo, na barua yenye nakala kwenda huko husomwa haraka.

Najua hofu iliyopo. "Ukilalamika, utahudumiwaje mara nyingine?" Mama aliniuliza hivyo hivyo, na alitaka tuache. Sikumwambia kwamba hofu yake haina msingi. Nilimwambia tayari anahudumiwa vibaya, na sababu imeandikwa. Tulikwenda wawili, tulivaa kama watu wanaokwenda kanisani, tuliongea taratibu. Mganga mfawidhi alisoma karatasi za O/S moja baada ya nyingine, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, hili ni letu." Aliandika nyongeza kwa mkono wake. Naamini wahudumu wengi wako hivyo. Wanaandika vibaya kwa sababu wamechoka na foleni ni ndefu, na wakionyeshwa kwa adabu wanaona.

Wenye bima wana jambo moja la kwao. Ile fomu unayotia saini baada ya huduma ni sehemu ya rekodi yako ya afya, si karatasi ya malipo tu. Isome kabla ya kusaini. Kipimo ambacho hukufanyiwa au ugonjwa ambao hukuambiwa ukiandikwa pale na saini yako ikiwa chini, utakapokuja kuupinga utaanza kwa kujieleza wewe.

Jambo la mwisho tulilijifunza kwa kuchelewa. Sentensi mbaya huwa haikai mahali pamoja. Kabla hujasahihisha, inakuwa imeshaingia kwenye barua ya rufaa, ripoti ya kuruhusiwa wodini, fomu ya bima, pengine barua kwa mwajiri au shule ya mtoto. Unapoomba sahihisho, omba kwenye barua hiyo hiyo kwamba kila aliyepelekewa maneno ya zamani apelekewe na mapya, na uwataje wote unaowajua. Sisi hatukufanya hivyo. Miezi minne baadaye mama alikwenda kwa daktari bingwa katika hospitali nyingine, akiwa na moyo mwepesi, na nikaona macho ya daktari yakisimama kwenye barua ya rufaa iliyoandikwa kabla ya sahihisho. Nilimwona mama naye ameliona hilo. Nikafungua mkoba, nikatoa nakala yenye muhuri, nikaiweka mezani kabla hajauliza. Wiki iliyofuata tulichapa barua ya pili, ya mistari sita.